Gari Yako Haihitaji Mdomo Mkubwa, Inahitaji Pa Kutolea Hewa

Niseme mapema ndio msinimalize kwa komenti: ile Subaru mimi ndio nilichoma. Si fundi. Si binamu yangu aliyekuwa kwa usukani. Si "mafuta mabaya" venye niliandika kwa ile posti ya kwanza. Ni mimi, kamera yangu, na grili nyeusi niliyoichagua ju ilikuwa inatoka poa kwa video.

Kwa wageni hapa: mimi ni wa Mwingi. Nilitoka chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea biashara, karo ikakataa kupatikana, na mimi pia nikachoka kujifanya naipenda ile kozi. Tangu hapo natengeneza video za magari. Wengi wenu mlinijua kupitia hiyo Subaru, kwa hivyo ni haki mjue venye iliisha.

Gari ni ya binamu yangu. Yeye hununua ndengu kwa wakulima wa Kyuso na Tseikuru, anauzia wafanyabiashara wa Nairobi. Pesa ya misimu mitatu mizuri aliiweka kwa Impreza WRX kuukuu. Hanywi, hachezi kamari. Mara mbili au tatu kwa mwaka anaipeleka upande wa Athi River kwa zile siku za kukimbizana na saa, ile unaingia kwa saketi peke yako na wanakupimia muda. Hiyo ndiyo raha yake.

WRX ikitoka kiwandani huwa na intakula juu ya injini. Intakula ni ile rejeta ndogo ya kupoza hewa iliyobanwa na tabo kabla haijaingia kwa injini. Ndio maana boneti yake ina ile pua: inashika upepo na kuumwagia intakula. Mimi nikamwambia binamu tuitoe huko tuweke kubwa mbele, nyuma ya bampa, ju kila mtu mkali mtandaoni anayo mbele. Nikaongeza taa mbili za spoti. Nikaongeza grili ya wavu mweusi. Picha zilitoka kali, siwadanganyi.

Kuna mzee mmoja hapa Mwingi anayeshona rejeta chini ya mti, si mbali na steji. Sote tunamwita Fundi. Tulipita kwake kujaza upepo, akachuchumaa mbele ya gari, akahesabu kwa vidole: taa, wavu, intakula, kondensa ya AC, halafu rejeta. Akasema, "Kijana yangu, hii rejeta sasa inakula mabaki."

Nilicheka. Hata nilimchukua video.

Mtu anakaa kwa kona na bendera, mimi nilikuwa kando ya lami na simu. Ilikuwa Februari, jua la saa nane. Mzunguko wa kwanza sawa, wa pili sawa. Wa tatu, binamu alipopita karibu na mimi alipunguza mwendo akanionyesha kwa mkono kwamba anatoka. Nilikuwa sijapata klipu ya ile kona ya mwisho. Nikampungia mkono: moja zaidi. Akaniamini, akaendelea. Kwa hiyo kona ndio mvuke ulitoka kwa boneti kama sufuria ya githeri ikifunuliwa, na mimi sikuweka simu chini. Nilirekodi mpaka mwisho.

Jioni nikaiposti. Nikaweka na muziki wa kuchekesha. Ilitazamwa kuliko video yoyote nimewahi kufanya. Binamu hakupiga simu, hakunitukana. Alituma ujumbe mmoja tu: "Umepata klipu yako."

Hedi gasketi zote mbili zilikuwa zimekwenda. Hedi zilipinda, zikapelekwa Thika kusawazishwa. Ukijumlisha vipuri na kazi na kuvutwa kutoka Athi River, ilifika elfu themanini. Mimi ndiye nilisema nitalipa, na sikuwa na hata elfu nane. Mwaitu alipojua alininyamazia siku tatu, na mkijua mama wa Ukambani mnajua hiyo ni mbaya kuliko kelele.

Fundi ndiye alinitafutia njia. Aliniambia nije kwake kila Jumamosi nimsaidie kufungua na kuosha rejeta, anipe kitu kidogo cha kupunguza deni, na pia nijifunze kile nilikuwa nacheka. Haya nayaandika ni ya hizo Jumamosi.

Kitu cha kwanza: hewa ni mvivu. Rejeta ina mapezi membamba yaliyobanana, na kupita hapo ni kazi. Kama kuna mwanya pembeni, juu au chini ya rejeta, hewa inapita kwa mwanya. Kwa Subaru ya binamu, kati ya bampa na rejeta mkono wangu wote uliingia pande zote mbili. Upepo ulikuwa unaingia kwa mdomo mkubwa niliojivunia, unaona ukuta wa intakula, unazunguka na kwenda zake. Rejeta iko hapo, lakini upepo hauifikii.

Kitu cha pili ndicho kilinishika zaidi. Fundi aliniuliza, "Jikoni kwa mama yenu, moshi unatokea wapi?" Jikoni kwetu ni ya kuni, na zamani ilikuwa na mlango na dirisha tu. Macho yalikuwa yanawasha, baba akapanua dirisha, bado moshi. Ulipungua siku aliacha nafasi kati ya ukuta na mabati, juu. Kumbe haikuwa shida ya hewa kuingia. Hewa ilikuwa haina pa kutokea.

Gari ni hivyo hivyo. Hewa inapita kwa rejeta tu kama msukumo wa mbele umezidi msukumo wa nyuma. Ukijaza nyuma ya rejeta hewa isiyo na mlango wa kutoka, hata ufungue bampa yote hakuna kitu kitapita. Na sisi tulikuwa tumejaza nyuma kwa njia mbili. Kwanza, ile pua ya boneti. Tulipohamisha intakula, pua ilibaki wazi bila kazi, ikawa inasukuma upepo ndani ya injini, yaani nyuma ya rejeta. Pili, kava la chini ya injini. Lilikuwa limepasuka, mtu fulani akalitupa miaka iliyopita, na hakuna aliyelikumbuka. Bila kava, upepo wa chini ya gari nao unapanda ndani. Rejeta ilikuwa inasukumwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Najua kuna mtu ameanza kuandika "toeni thamostati." Tulikuwa tumeitoa! Fundi mwingine aliitoa kitambo, na gari ikachemka vilevile. Thamostati ni mlango unaofunguka maji yakifika kama nyuzi 80. Ikiwa nzima, wakati gari inachemka huo mlango tayari uko wazi. Ukiitoa, unachopata ni injini inayochelewa kupata joto asubuhi, inakunywa mafuta zaidi na kulika haraka. Tulirudisha mpya.

Na mfuniko wa rejeta si mfuniko wa jagi. Pale Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Athi River, kama mita 1,500 juu ya bahari, huchemka karibu na 95. Mfuniko mzima hubana maji ndani ndio yaweze kupita 110 bila kuchemka. Raba yake ikichoka, umepoteza hizo nyuzi zote kwa kitu cha bei ya chakula cha mchana. Na usiufungue gari ikiwa moto. Fundi ana kovu kutoka kiwiko hadi bega, huwa analionyesha kila mteja mwenye haraka.

Sasa, hii sehemu ndiyo nilipenda. Nilimuuliza Fundi tutajuaje kama tumerekebisha, ama tutangoja ichemke tena? Akaniambia niende kwa mjenzi nikaombe ule mpira mrefu wa kuona ndani, wa kupimia levo. Tukaweka maji ndani, tukaongeza juisi ya unga ndio rangi ionekane, tukaukunja kama herufi U na kuufunga kwa rula. Mdomo mmoja wa mpira tukauweka mbele ya rejeta, mwingine nyuma yake. Mimi nikakaa kiti cha abiria na rula magotini. Maji yakipanda upande mmoja na kushuka mwingine, tofauti ya hizo levo mbili ndiyo msukumo unaopitisha hewa kwa rejeta.

Hapo ilibidi binamu aendeshe, ju ni gari yake. Tulitoka Mwingi kuelekea Nguni asubuhi na mapema, barabara ikiwa tupu, na hatukuongea chochote isipokuwa namba. Kwanza tulipima upepo wenyewe, mdomo wa mpira ukiangalia mbele. Kwa spidi ya 50, sentimita moja hivi. Kwa 100, karibu nne. Spidi mara mbili, msukumo mara nne. Ndio maana feni ni ya foleni na kona za polepole. Ukishakimbia, kazi ni ya upepo na feni inakaa tu njiani.

Halafu tukapima rejeta. Kwa 100, kati ya hizo sentimita nne tulizopewa bure na upepo, rejeta ilikuwa inatumia moja tu. Tatu zilikuwa zinapotea. Binamu aliangalia rula, akaangalia barabara, akasema, "Kwa hivyo tulikuwa tunabeba tu rejeta." Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza kwangu baada ya miezi miwili.

Tulifanya vitu vinne, na hakuna hata kimoja kilichoagizwa ng'ambo.

Intakula ilirudi juu ya injini, pua ikapata kazi yake tena. Taa na wavu vikatoka.

Tulikata bati la alumini, tukajenga njia kutoka mdomo wa bampa hadi rejeta, juu, chini na pembeni. Palipobaki mwanya tuliziba kwa raba ya mlango wa gari kuukuu. Mimi nilipendekeza sponji ya godoro, Fundi akaniangalia tu. Inayeyuka.

Tulitengeneza kava la chini kwa bati lilelile.

Mwisho, boneti. Binamu alikataa boneti yake ikatwe, akatafuta nyingine ya skrapu. Kabla ya kukata, tulibandika vipande vya uzi wa sufu juu yake, tukaendesha huku mwenzetu akirekodi kutoka gari lingine. Karibu na kioo cha mbele, nyuzi zilikuwa zinachanganyikiwa. Upepo ukigonga kioo unarundikana pale, na msukumo unakuwa mkubwa. Kwa hivyo wale wasee wa kuinua boneti nyuma kwa washa, pole. Ukiwa umesimama, joto linatoka. Ukikimbia, unaingiza upepo mahali ulitaka utoke. Sehemu ya mbele, tu nyuma ya rejeta, nyuzi zililala vizuri na mpira wetu ukaonyesha msukumo ni mdogo. Hapo ndipo tulikata, tukaacha mdomo mdogo wa bati mbele ya tundu ili upepo unaopita juu uvute ule wa ndani.

Tukapima tena. Sentimita mbili na nusu.

Mdomo wa bampa tuliuacha mdogo kuliko ule wangu. Hii si siri mpya. Ndege ya kivita ya Marekani, P-51 Mustang, ile ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa na mdomo mdogo tumboni, njia inayopanuka kabla ya rejeta ili hewa ipunguze mwendo, na mlango nyuma wa kufungua na kufunga kulingana na joto. Joto halikudhibitiwa kwa kucheza na mdomo wa kuingilia. Lilidhibitiwa kwa kucheza na wa kutokea.

Mtu ataniambia, mbona magari ya Safari Rally yalikuwa na bulbaa na mataa mbele na yalishinda? Kweli. Juha Kankkunen alichukua Safari ya 1993 na Toyota Celica iliyovaa hivyo, na bomba refu la kuvutia hewa kando ya kioo. Lakini zile Safari za zamani zilipita barabara za watu wote, zenye ng'ombe, mbuzi na malori. Bulbaa ilikuwa na kazi. Ile bomba ilikuwa ya kukwepa vumbi na maji. Timu ililipa gharama ya hewa ikijua inanunua nini. Sisi tunanakili sura na kulipa gharama bila kununua chochote. Saketi ya Athi River haina ng'ombe.

Na usidhani hii ni ya wenye Subaru tu. Angalia Probox za Mwingi kwenda Tseikuru. Watu wanane ndani, magunia juu, bulbaa mbele, na msimu wa kampeni ukifika, bango la mheshimiwa limefunika grili yote anatabasamu. Halafu gari inachemka katikati ya jua na mama ana mtoto mgonjwa kiti cha nyuma. Dereva anamwaga maji, analaumu Toyota. Jumamosi moja Fundi alitoa bango kwa grili ya Probox, akaosha mapezi ya rejeta kwa maji ya polepole kutoka upande wa injini kwenda mbele, ndio wadudu na vumbi watoke walikoingilia. Hakuuza kitu chochote. Dereva alirudi baada ya wiki na kuku.

Sasa mimi. Nimejiuliza sana kwa nini sikuona haya, na jibu si kwamba sikusoma sana. Fundi aliacha shule darasa la saba. Shida ni kwamba kazi yangu ni kuangalia gari kutoka mbele. Kamera inaona mdomo. Haioni mwanya wa pembeni, haioni kava lililotupwa, haioni geji. Na ile sindano ya geji ya kiwandani yenyewe huwa inakaa katikati, imetulia, mpaka mambo yameharibika. Ndio maana sasa kuna geji ya namba kwa dashibodi. Siku ile binamu alionyesha mkono kwa sababu alisikia injini imebadilika, si kwa sababu sindano ilimwambia. Alikuwa na masikio, mimi nikamjibu kwa macho ya simu.

Oktoba tulirudi Athi River. Jua lilelile. Mizunguko sita, namba ikacheza kati ya 93 na 96. Sikurekodi. Kazi yangu ilikuwa kusimama na ubao: nikiuinua, anatoka. Tulikubaliana kwamba yeye akionyesha mkono, hakuna mtu wa kumjibu.

Ile video ya mvuke nimeitoa. Ilikuwa inaniletea wafuasi kila wiki, na najua wengine wenu mlifika hapa nayo. Kwa deni nimelipa elfu arobaini na sita. Zimebaki thelathini na nne, na binamu hajaniuliza hata siku moja, kwa hivyo nitazilipa zote.

Kesho asubuhi kabla ya kuwasha gari, yako ama ya mzee, chuchumaa mbele yake na tochi ya simu. Hesabu vitu vilivyo kati ya upepo na rejeta. Ingiza mkono pembeni uone kama unapita. Halafu lala chini uangalie kama kava bado iko. Niandikieni mmepata nini, na mkipata bango la mheshimiwa, tumeni picha.